Diski ya Kompyuta Ikianza Kusumbua: Okoa Mafaili Kwanza, Ukarabati Ufuate

Kompyuta ikianza kuganda kila unapofungua folda, au ikichukua robo saa kuwaka, ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani ni "piga Windows upya". Unatolewa haraka kwa sababu ni kazi ambayo kila fundi anaijua na bei yake inajulikana. Kama kilichoharibika ni Windows yenyewe, sawa, itapona. Lakini kama diski ndiyo inayokufa, kupiga Windows kunaandika gigabaiti kadhaa juu ya sehemu zilezile zilizobeba picha na hati zako, tena kwa kuifanyisha kazi nzito diski iliyokwisha kuchoka. Mwezi hauishi, kompyuta imerudi kwa fundi, na safari hii hakuna cha kuokoa.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu unatofautiana na uliouzoea. Tunaanza kutambua, tunaokoa mafaili, ndipo tunagusa amri za kurekebisha. Hata chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski ambayo watu huikimbilia kama Panadol, haina nafasi katika hatua mbili za mwanzo. Maelekezo yanamlenga mwenye Windows 10 au 11 nyumbani. Wa Mac na Linux watakuta yao njiani.

Ikiwa kuna sauti, zima

Ndani ya hadi diski (hard disk) ya kawaida kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kinaelea kichwa cha kusomea kwa umbali wa nanomita chache tu. Hakitakiwi kugusa sahani. Siku kikigusa, kinakwangua hichohicho ulichohifadhi.

Sogeza sikio. Mvumo mwembamba usiobadilika ni wa kawaida, na vimkwaruzo vidogo wakati inasoma pia ni vya kawaida. Kisicho cha kawaida ni "tak… tak… tak…" ya mpigo mmoja, kimya kidogo, kisha inaanza tena. Hapo kichwa kinatafuta alama zake kwenye sahani, hakizioni, kinarudi mwanzo na kujaribu upya. Nyingine hutoa mlio mfupi na kukata: mota imeshindwa kuzungusha sahani.

Ukisikia mojawapo, zima kompyuta na uchomoe waya. Hakuna programu inayotibu kichwa kilichovunjika, na kila dakika ya kujaribu inaongeza mikwaruzo. Kama mafaili yana thamani, kinachohitajika ni maabara ya kuokoa data yenye chumba kilichochujwa vumbi. Anayefungua mfuniko wa diski juu ya meza ya duka, hata avae glavu, ameshaimaliza. Usikubali kirahisi pia "tubadilishe bodi ya chini": diski za miaka hii huweka vipimo vyake binafsi kwenye chipu iliyopo kwenye bodi hiyo, na bodi ya diski nyingine, hata ya modeli ileile, kwa kawaida haisaidii mpaka chipu ihamishwe. Na ule ujanja wa kuiweka kwenye friza uachane nao. Unyevu utakaoganda kwenye sahani ikitoka baridini, kwa joto la Mombasa au Tanga, unatosha kuharibu kilichobaki.

SSD, diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka, kwa hiyo haina sauti ya kukuonya. Hiyo ndiyo hatari yake. Nyingine hugoma kuandikwa na kubaki zinasomeka tu, na hiyo ni bahati. Nyingine zinalala nzima na kuamka hazipo: BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, haizioni kabisa.

Je, mkosaji ni diski kweli?

Malalamiko ya kawaida kuliko yote ni "diski iko asilimia 100" kwenye Task Manager. Peke yake hayathibitishi kitu. Windows 10 na 11 zikiwa kwenye hadi diski ya zamani zinaweza kuishikilia kwenye 100 kwa dakika nyingi baada ya kuwaka, na diski ikawa nzima, ila tu ni ya polepole. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda sehemu ya "Performance", chagua diski, kisha tazama namba mbili kwa pamoja: kasi ya kusoma na "Average response time". Diski yenye kazi nyingi husoma makumi ya megabaiti kwa sekunde huku muda wa kujibu ukiwa makumi ya milisekunde. Diski mbovu hukwama kwenye 100 huku ikisoma kilobaiti chache tu, na muda wa kujibu unapanda mpaka maelfu ya milisekunde. Ukiona hivyo, endelea na hatua inayofuata bila kuchelewa.

Fungua pia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa "Windows Logs" kisha "System", utafute mistari ambayo chanzo chake kimeandikwa "disk". Namba 7 maana yake Windows imekutana na sehemu isiyosomeka. Namba 153 maana yake ombi lilibidi kurudiwa. Chanzo kikiwa "Ntfs" na namba 55, basi muundo wa mafaili umevurugika, na hilo linaweza kutokea hata kwenye diski nzima, hasa umeme ulipokatika katikati ya kuandika.

Usisahau waya. Kwenye kompyuta ya mezani, kebo ya SATA (inayounganisha diski na mazabodi) iliyolegea huleta dalili zote za diski mbovu: kuganda, kupotea, kurudi. Zima, chomoa umeme, gusa chuma cha kasha kuondoa chaji mwilini, kisha chomoa na uchomeke upya ncha zote mbili. Afadhali zaidi, weka kebo nyingine kwenye tundu jingine la mazabodi. Kwa diski ya nje, jaribu waya mwingine mfupi, na uchomeke nyuma ya kompyuta badala ya mbele au kwenye habu isiyo na umeme wake. Diski ndogo ya inchi 2.5 ikikosa umeme wa kutosha hutoa "tak" zinazofanana sana na za kichwa kibovu. Hicho ndicho kisingizio pekee kinachoruhusiwa cha kuiwasha mara ya pili.

Kusoma kitabu cha afya cha diski

Kila diski ya kisasa inaweka kumbukumbu za afya yake zinazoitwa SMART. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Kwenye Linux tumia smartctl, iliyomo katika kifurushi cha smartmontools:

sudo smartctl -a /dev/sda

CrystalDiskInfo itakupa rangi: bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Watu wengi wanaishia kwenye rangi. Wewe shuka kwenye jedwali. Kabla ya kusoma, badilisha namba za mwisho ziwe za kawaida, maana mwanzo zinaonyeshwa kwa mfumo wa hexa: nenda "Function", "Advanced Feature", "Raw Values", uchague "10 [DEC]". Usipofanya hivyo utaona saa za kuwaka zimeandikwa 6D60 na kudhani ni msimbo, kumbe ni saa 28,000, yaani zaidi ya miaka mitatu ya kuwaka bila kuzimwa.

Kwa hadi diski, mistari inayohesabika ni michache.

05, "Reallocated Sectors Count". Diski ilikuta sekta, yaani kipande chake kidogo cha kuhifadhia, imeharibika, ikaitupa na kuweka nyingine ya akiba mahali pake. Chache zilizotulia kwa miezi si mwisho wa dunia. Zinazoongezeka kila wiki ni.

C5, "Current Pending Sector Count". Huu ndio ninaoutazama kwanza. Ni sekta ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, na bado haijaamua izifanye nini. Faili lililoketi hapo ndilo linaloigandisha kompyuta yako. Sekta hizo zikiandikwa upya na kukubali, namba inashuka. Zikikataa, zinahamia kwenye 05. C5 ikisoma 24, una sehemu 24 ambazo muda huu hazisomeki, na hujui ziko ndani ya faili gani.

C6, zisizorekebishika. Yoyote zaidi ya sifuri ni sababu ya kunakili leo.

C7, "UltraDMA CRC Error Count". Hii inahusu njia, yaani kebo na viunganishi, na sahani hazihusiki. Namba hii haishuki kamwe, hata ukibadilisha waya. Unachotaka ni iache kupanda. Iandike kwenye karatasi, badilisha kebo, itazame tena baada ya siku chache.

Tahadhari moja: diski za Seagate huonyesha namba kubwa za kutisha kwenye 01 na 07. Ni namna yao ya kupakia takwimu mbili ndani ya namba moja, usipaniki.

SSD za NVMe, aina mpya zenye kasi kuliko za SATA, zina jedwali jingine. Tazama "Percentage Used", ambayo ni kiasi cha uhai kilichotumika kwa makadirio ya kiwanda, "Available Spare", ambayo ni akiba iliyobaki, na "Media and Data Integrity Errors", ambayo inatakiwa kuwa sifuri. "Unsafe Shutdowns" ni idadi ya mara umeme ulivyokatika ghafla. Kwenye kompyuta nyingi za kwetu inasomeka kama matokeo ya uchaguzi.

SMART si mganga. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote kwenye vipimo vinne walivyoviona kuwa na nguvu. Upande wa pili, diski iliyopata kosa lake la kwanza la kusomeka katika ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Tafsiri ya kikazi: jedwali likiwa safi, usijiamini kupita kiasi, likiwa chafu, liamini papo hapo.

Kuokoa mafaili

Tafuta diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, nzima, ambayo si kigawanyo (partition) kingine cha diski ileile. Kuhamisha kutoka C kwenda D wakati zote mbili ziko ndani ya chuma kimoja hakukuokoi.

Kabla ya yote, hakikisha unao ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, kama diski imefungwa. Kompyuta nyingi za Windows 11 huwasha ufungaji huo zenyewe mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenye mashine hana habari. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

manage-bde -status

Ikisema ulinzi umewashwa, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu, nakili tarakimu zote 48 kwenye karatasi. Bila hizo, diski ukiihamishia kwenye mashine nyingine ni chuma tu.

*Windows bado inawaka.* Usiburute folda kwa kipanya. Explorer ikikutana na faili moja bovu inaganda au inaacha kazi nusu. Tumia robocopy, ambayo tayari imo ndani ya Windows:

robocopy C:\Users\Asha\Documents E:\Bakapu\Documents /E /R:1 /W:1 /XJ /LOG:E:\bakapu.txt

Badilisha Asha na jina lako, na E iwe herufi ya diski ya kuokolea. Vipande vya /R:1 na /W:1 ndivyo siri ya amri hii: usipoviweka, robocopy itarudia faili lisilosomeka mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila safari. Ukiviweka, inajaribu mara moja zaidi, inaliandika kwenye ripoti, inaendelea. Anza na visivyonunulika: hati, picha, tasnifu, vitabu vya hesabu za duka, hati ya kiwanja uliyoiskani. Filamu na vifurushi vya programu viwe mwisho, au viachwe.

*Windows haiwaki, ila BIOS inaiona diski.* Kwenye kompyuta nyingine tengeneza flashi ya Ubuntu (aina ya Linux) kwa kutumia programu ya Rufus. Washa mashine yako huku ukibonyeza F12, F9 au Esc kutegemea chapa, chagua flashi, kisha chagua kujaribu Ubuntu bila kuisakinisha. Fungua kidhibiti cha mafaili, ingia kwenye diski ya Windows, nakili. Ikikuambia inasomeka tu bila kuandikika, hiyo ni kwa sababu Windows haikuzimwa kikamilifu. Usihangaike, kusoma ndiko unakotaka.

*Nakala inakwama kila baada ya dakika chache, au C5 ni kubwa.* Hapa unahitaji ddrescue. Inanakili diski nzima sekta kwa sekta, lakini kwa akili: inachukua kwanza sehemu zote zilizo rahisi, inaruka zilizo ngumu, na kuzirudia mwisho. Diski ikifa katikati, tayari una sehemu kubwa. Imo ndani ya SystemRescue, Linux ya uokoaji inayowaka kwa flashi. Kwenye Ubuntu inasakinishwa kwa jina la gddrescue.

Kwanza tambua nani ni nani:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Linganisha namba ya utambulisho ya kiwandani (SERIAL) na ile iliyo kwenye karatasi ya diski. Fanya hivyo kweli, kwa macho, herufi kwa herufi, kwa sababu amri ifuatayo inafuta kila kilichopo kwenye diski ya pili. Tuseme mbovu ni sda na nzima ni sdb, na sdb ina ukubwa sawa au zaidi:

sudo ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /media/flashi/ramani.map

Chanzo kinatangulia, kinakokwenda kinafuata. Faili la ramani ndilo linalokumbuka kipi kimesomwa na kipi bado, kwa hiyo liweke kwenye flashi nyingine (hapo juu nimeiita flashi, weka njia ya kwako). Ukiliacha ndani ya Ubuntu ya majaribio, umeme ukikatika linapotea na unaanza sifuri. Likiwa salama, unaiandika amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia.

Kioo kitakuonyesha "rescued" ikipanda, "read errors" na "time since last successful read". Huo wa mwisho ndio wa kuutazama. Ukikaa kwenye sekunde sifuri au moja, mambo yanakwenda. Ukianza kuhesabu dakika, simamisha kwa Ctrl+C, zima, iache diski ipoe, rudi baadaye. Diski nzima ya terabaiti 1 kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde inachukua karibu saa tatu. Iliyochoka inaweza kula siku nzima. Ikimaliza mzunguko wa kwanza, rudia kwa zile ngumu:

sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /media/flashi/ramani.map

Baada ya hapo chomoa sda, iweke kando, usiiguse tena. Kazi yote inayofuata inafanyika kwenye nakala.

Diski inaonekana, mafaili hayaonekani

Umechomeka diski ya nje, Windows inakuambia lazima uifomati kwanza kabla ya kuitumia. Bonyeza "Cancel". Ukifungua Disk Management utakuta imeandikwa RAW (Windows haitambui muundo wake), au nafasi nyeusi isiyogawanywa, au ujumbe wa kutaka "Initialize". Kataa vyote. Mara nyingi kilichopotea ni orodha ya mwanzo tu, na data iko palepale. (Wakati mwingine tatizo ni dogo zaidi: kigawanyo hakina herufi. Bonyeza kitufe cha kulia, "Change Drive Letter and Paths", ipe herufi, basi.)

Kama SMART ni safi, chukua TestDisk, ya bure pia. Sura yake ni ya kizamani, maandishi matupu na mishale, lakini haina mpinzani. Chagua diski, aina ya jedwali la vigawanyo (itakupendekezea yenyewe), kisha "Analyse" na "Quick Search". Kigawanyo kikijitokeza, bonyeza P uone mafaili yake. Ukiyaona kwa majina, yanakili kwanza kwenda diski nyingine ukiwa ndani ya TestDisk. Kuandika jedwali jipya kwa "Write" kuje baada ya hapo.

TestDisk ikishindwa, ndugu yake PhotoRec hutafuta mafaili kwa kutambua alama za mwanzo wa kila aina: JPEG, PDF, DOCX na mamia mengine. Haijali muundo ulioharibika, na kwa sababu hiyo hairudishi majina wala folda. Utapata maelfu ya mafaili yenye namba, na jioni kadhaa za kuyapanga.

Kwa SSD punguza matumaini. Faili likifutwa, Windows huiarifu SSD kwa amri iitwayo TRIM, na SSD inalisafisha kabisa. Anayekuhakikishia kurudisha picha zilizofutwa mwezi uliopita kwenye SSD anauza maneno.

Sasa ndipo tunarekebisha

Mafaili yako salama kwingine? Vizuri. Fungua Command Prompt kama msimamizi.

chkdsk C: /scan

Hii inakagua bila kuzima Windows. Ikisema haikuona tatizo, muundo wa mafaili ni mzima. Ikiona, tumia:

chkdsk C: /f

Itakuuliza kama ifanye kazi wakati wa kuwaka tena. Jibu Y, kisha chagua "Restart". Kwa diski ya nje au flashi itafanya palepale.

Kipande cha /r ndicho kinachopendwa bila kueleweka. Kinasoma kila sekta ya diski, mwanzo hadi mwisho, kutafuta mbovu na kuokoa kinachosomeka. Kwenye hadi diski kubwa ni kazi ya saa nyingi, wakati mwingine usiku kucha. Kwa diski yenye C5 inayopanda, hayo ndiyo mazoezi yatakayoimaliza, na ndiyo maana nimeiweka huku chini. Kwa SSD sioni faida yake. Na usiikatize kwa kushikilia kitufe cha umeme.

Ikimaliza, soma matokeo kwenye Event Viewer, "Application", chanzo "Wininit". Tafuta mstari wa "KB in bad sectors". Sifuri ni habari njema. Vipande vya mafaili vilivyookotwa bila mwenyewe huwekwa kwenye folda iliyofichwa, found.000, vikiwa na mkia wa CHK.

Muundo ukishanyooka na Windows bado inayumba, tengeneza mafaili ya mfumo:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inahitaji intaneti. Kwenye Mac, kazi hii yote ni kitufe cha "First Aid" ndani ya Disk Utility. Kwenye Linux ni fsck, lakini kigawanyo kiwe hakijapandishwa (mount), yaani hakitumiki muda huo, maana yake uwashe kwa flashi.

Na kama ni hadi diski yenye sekta chache za C5, mafaili umeshaokoa, na unataka kujua kama inafaa kwa kazi ndogondogo: ifomati kikamilifu, ukiondoa tiki ya "Quick Format". Tangu Windows Vista, fomati ya aina hiyo inaandika sifuri kila mahali, na hivyo kuilazimisha diski iamue hatima ya kila sekta iliyosubiri. Tazama SMART tena. C5 ikishuka kuwa sifuri na 05 isipande, inaweza kubebea filamu. Picha za familia, hapana. 05 ikiruka, tupa.

Kubadilisha

Kwa laptopu ya miaka kumi iliyopita, SSD ya SATA ya inchi 2.5 ndiyo dawa, na kasi utakayoipata itakufanya uulize kwa nini ulichelewa. SSD nyingi zina unene wa milimita 7. Tundu lililobeba diski ya 9.5 litahitaji kipande cha plastiki cha kujazia isicheze. Kama mashine ina tundu la M.2 (la SSD nyembamba kama kadi), usinunue kabla ya kujua linakubali NVMe au SATA, kwa sababu kadi zinafanana na nyingine zinaingia bila kufanya kazi.

Diski ya zamani ikiwa nzima, ihamishe yote kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Ikiwa mbovu, piga Windows mpya kwenye SSD kwa flashi ya gigabaiti 8 kutoka Media Creation Tool na urudishe mafaili tu. Ukiihamisha nzima unahamisha na uharibifu. Leseni ya kidijitali ya Windows imefungamana zaidi na mazabodi, kwa hiyo kubadilisha diski hakukufanyi ununue nyingine. Hapa ndipo "kupiga Windows" kunapopata mahali pake.

Ukinunua iliyotumika, iwe Kariakoo au Luthuli, omba ichomekwe kwenye kompyuta ya muuzaji na CrystalDiskInfo ifunguliwe mbele yako. Tazama saa za kuwaka, 05 na C5. Diski ya zamani yenye saa tatu na mikwaruzo kwenye tundu za skrubu imefutwa kumbukumbu. Na SSD ya nje ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana haipo duniani: ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa. Programu ya H2testw inaujaza ujazo wote na kuusoma tena, na uongo unajitokeza pale data inapoanza kupotea.

Diski mpya ikiwa ndani, shughulikia umeme. Kompyuta ya mezani iwe na UPS. Laptopu ambayo betri imekufa na inaishi kwa chaja, ambazo ziko kila nyumba, inazimika kama ya mezani kila umeme unapokatika, hivyo betri mpya ni kinga ya diski pia. Usiifanye SSD iliyochakaa kuwa ghala la kabatini: kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida, zikishafikia kikomo cha uandishi kilichowekwa na kiwanda, ni kushika data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzijoto 30, na joto likizidi muda unafupika. Kwa kuhifadhi muda mrefu, hadi diski ya nje bado inafaa, pamoja na nakala nyingine isiyokaa nyumba hiyohiyo.

Ile ya zamani, kama bado inazunguka na unataka kuiuza au kuigawa, ifute kwanza. Ichomeke, fungua diskpart kwenye Command Prompt, andika list disk, itambue kwa ukubwa, select disk na namba yake, kisha:

clean all

Neno "all" ndilo linaloandika sifuri diski nzima; bila hilo, mnunuzi mwenye TestDisk atazikuta picha zako. Kama haizunguki, ondoa skrubu za mfuniko, ukwaruze sahani kwa bisibisi kabla ya kuitupa. Vaa miwani kwanza: sahani za diski za laptopu ni za kioo, na hupasuka.